Amuneke Tulimpa Mechi Tatu

Haya niliongea wiki iliyopita kwenye kozi ya makocha wa vijana, kuna mtu alikuwa anarekodi na simu ikazima katikati, sasa wakaomba niyaandike. Nayaweka kama yalivyotoka mdomoni, nimeondoa matani mawili matatu ambayo hayaandikiki.

Habari za asubuhi makocha. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo vya kutosha. Na nyie wawili mnaoingia sasa hivi karibuni, kaeni tu, sisemi kitu, ila nimewaona.

Mada niliyopewa ni "kutoka mchezaji mpaka kocha". Jana usiku nimepitia orodha ya washiriki naona karibu nusu yenu mmecheza, wengine mmefika ligi kuu, wengine daraja la kwanza, wengine kama mimi hapa, ndondo tu za mtaani, goti likaondoka kabla jina halijafika redioni. Sasa ningeweza kuwaletea Guardiola, lakini Guardiola anaongelewa mpaka na konda wa daladala. Mi leo namtaka mtu aliyevaa jezi moja na huyo Guardiola pale Barcelona, alafu miaka ikapita akaja kukaa kwenye benchi letu Uwanja wa Taifa, akatupeleka Afcon, kombe la mataifa ya Afrika, ambayo tulikuwa hatujaiona miaka 39, na tukaachana naye hata mwaka haujatimia. Emmanuel Amuneke. Magazeti yetu yalizoea kumwandika Amunike, ni yule yule.

Mkono juu, nani anamkumbuka? Eeh, wengi. Na nikiuliza mnamkumbuka kwa lipi najua jibu, Algeria tatu bila. Si ndio? Umeona. Basi nataka tukae na hiyo kumbukumbu yetu kidogo, maana ndo inawasubiri na nyie huko mnakokwenda.

Tuanze na mchezaji. Amuneke kazaliwa Desemba 25 mwaka 1970, siku ya Krismasi, na jina Emmanuel, yaani wazazi hawakuhangaika kutafuta. Kwao ni jimbo la Imo, kusini mashariki mwa Nigeria, kwa Waigbo, na mwaka huo ndo vita ya Biafra ilikuwa imeisha Januari. Nyumba ya mpira hiyo, wadogo zake Kingsley na Kevin nao walicheza soka la kulipwa.

Akachezea Julius Berger ya Lagos, timu ya kampuni ya ujenzi, alafu 1991 akaondoka. Wenzake wengi wa kizazi kile walikuwa wanaitazama Ubelgiji na Uholanzi, yeye akaenda Cairo, Zamalek. Winga wa kushoto, mguu wa kushoto, mwembamba, anakimbia kama katumwa dukani na duka linafungwa. Akabeba ligi ya Misri mara mbili, na 1993 akabeba klabu bingwa Afrika, Asante Kotoko ya Ghana walilala kwa penati. Shikeni hilo la Cairo, tutarudi huko baadaye na safari hiyo hakurudi na kombe.

Sasa 1994. Jamani huu mwaka. Kuna wachezaji wanacheza miaka 15 hawapati mwaka mmoja wa namna hii.

Aprili, fainali ya Afcon, Tunis, Nigeria na Zambia. Mnaijua Zambia ya mwaka ule, timu yote ilikuwa imeanguka na ndege baharini pale Gabon, Aprili 1993, wachezaji 18 wakafa. Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa anatokea Uholanzi peke yake. Wakakusanya vijana wengine, mwaka hata haujapita wapo fainali, na Afrika nzima inawaombea wao, hata mimi niliwaombea, sidanganyi. Dakika ya 3 Litana kafunga, Zambia moja. Tukaruka. Dakika ya 5, yaani hata hatujamaliza kukaa, Amuneke kasawazisha. Kipindi cha pili kimeanza tu, dakika ya 47, Amuneke tena. Mbili moja, ikaisha hivyo. Mi nilimchukia yule mtu siku ile, nawaambia ukweli. Nilikuwa kijana mdogo na nilikuwa simjui hata jina.

Miezi miwili mbele, Kombe la Dunia Marekani, Nigeria ndo mara yao ya kwanza. Mechi na Bulgaria ilichezwa Dallas, kwetu ilikuwa saa 8 na nusu usiku. TV mtaani kwetu ilikuwa kwa mzee mmoja, mnalipa mnaingia sebuleni mnakaa chini, mama mwenye nyumba kalala chumba cha pili kwa hiyo hakuna ruhusa ya kushangilia kwa sauti. Hebu fikiria unaangalia Yekini anafunga goli la kwanza la Nigeria kwenye Kombe la Dunia, kashika nyavu analia, na we umeziba mdomo kwa shati. La pili Amokachi. La tatu dakika ya 55, krosi imekuja, mtu kajirusha mzima mzima kapiga kichwa. Yule yule niliyemchukia Aprili. Basi hapo nikamsamehe. Na ile Bulgaria msiidharau, ilifika nusu fainali.

Hatua ya mtoano wakapewa Italia. Hii ilikuwa saa 2 usiku kwetu kwa hiyo sebule ilijaa mpaka dirishani. Dakika ya 25 Amuneke kafunga. Nigeria wakalinda, wakalinda, Italia wakapewa kadi nyekundu ya Zola wakabaki kumi, mtaa mzima unajua imeisha, dakika ya 88 Roberto Baggio. Kimya. Dakika za nyongeza, penati, Baggio tena. Kuna mzee alitoka nje akasahau viatu vyake. Mnaoniuliza kwa nini kila siku nawaambia watoto mechi haiishi dakika ya 85, nilijifunzia sebuleni pale.

Mwisho wa mwaka Amuneke akawa mchezaji bora wa Afrika. Wakati huo kashahamia Sporting ya Lisbon, yupo na Figo, na 1995 wakabeba kombe la Ureno.

Alafu Atlanta 1996, hii sitaipita haraka maana ina somo la ufundi ndani yake. Olimpiki ni timu za chini ya miaka 23 lakini unaruhusiwa wakubwa watatu, Amuneke alikuwa mmoja wa hao wakubwa. Nusu fainali wamemtoa Brazil nne tatu, Kanu kamaliza kwa goli la dhahabu, lile la dakika za nyongeza, likiingia tu mechi imeisha. Fainali na Argentina, na ilikuwa Argentina haswa, Crespo, Ortega, Simeone, Zanetti, Ayala. Watu zaidi ya 80,000 uwanjani. Argentina moja, Babayaro karudisha, Crespo penati, Amokachi karudisha, mbili mbili, dakika ya 90 Nigeria wanapata faulo.

Sasa chukueni kalamu. Mpira unapigwa, mabeki wa Argentina wote wanakimbia mbele kwa pamoja, mtego wa kuotea, yaani wamwache mshambuliaji nyuma yao ili mshika kibendera ainue, walishakubaliana. Mstari mzima unatoka. Ukiangalia picha ile utaona mikono iko juu kabla hata mpira haujafika, yaani mtu anamwomba mshika kibendera badala ya kumwangalia mtu wake. Na Amuneke kabaki yuko peke yake na kipa, anapiga mpira haujatulia hata, wavuni. Tatu mbili. Dhahabu ya kwanza ya Afrika kwenye mpira wa miguu Olimpiki. Kila nikifundisha mtego wa kuotea watoto wa miaka 15 nawaonyesha ile klipu kwenye simu, sisemi kitu, nawaachia waangalie mikono.

Baada ya hapo Barcelona wakamchukua, katikati ya msimu wa 1996/97. Bobby Robson kocha, Mourinho msaidizi wake, uwanjani Ronaldo yule wa Brazil, Figo, Guardiola, Luis Enrique. Msimu ule Barca walibeba Kombe la Washindi la Ulaya na kombe la mfalme wa Hispania. Mtu ana miaka 26, ana dhahabu, ana Afcon, ana uchezaji bora wa Afrika, na goti likakataa.

Hapa hakuna cha kusimulia sana na ndo ubaya wake. Goti halina sinema. Mwaka unapita, mwingine unapita, Kombe la Dunia la Ufaransa 1998 likapita bila yeye, akatoka Barcelona 2000, akaenda Albacete daraja la pili kule kule Hispania, akamalizia Al-Wehdat ya Jordan. Ukihesabu timu ya taifa ni mechi 27 na magoli 9. Ishirini na saba tu! Mchezaji wa Afcon, Kombe la Dunia na Olimpiki, mechi 27. Na hayo magoli tisa ukiyapanga, mawili ni fainali Tunis, moja Dallas, moja lile la Italia Baggio alilotuharibia. Goli la Atlanta hata halihesabiki humo kwa sababu Olimpiki ni vijana.

Haya, sasa nyie mnaosema "mi nilicheza bana, soka nalijua", hapa ndo penu. Kikosi kile cha Nigeria cha 1994 kimetoa makocha wengi kuliko kikosi chochote cha Afrika ninachokijua mimi. Keshi aliyekuwa nahodha, Siasia, Eguavoen, Oliseh, Amokachi, Finidi, Amuneke, karibu wote wamepita kwenye benchi la Super Eagles, timu ya taifa ya Nigeria, kwa namna moja au nyingine. Keshi ndo aliyefika juu, akabeba Afcon 2013 kule Afrika Kusini kama kocha, kabla yake aliyewahi kubeba akiwa mchezaji na tena akiwa kocha alikuwa El-Gohary wa Misri peke yake. Na huyo huyo Keshi aliipeleka Togo Kombe la Dunia 2006, Togo! nchi ndogo vile, alafu mashindano hayajaanza wakampa timu Otto Pfister. Keshi akaangalia kwenye TV kama mimi na wewe. Hii kazi ndo ilivyo, mjue kabla hamjanunua filimbi.

Amuneke hakuanza na timu kubwa. Alirudi nyumbani akafundisha Julius Berger pale pale alipoanzia, akapita Ocean Boys, alafu akaingia timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 kama msaidizi. Msaidizi! Mchezaji bora wa Afrika wa 1994 anapanga koni za kocha mkuu Manu Garba. 2013 wakabeba Kombe la Dunia la U-17 kule Falme za Kiarabu, Mexico wakala tatu fainali, na yule Iheanacho ndo alitokea hapo. Nyie kuna mmoja wenu jana kaniambia hawezi kuwa msaidizi kwa sababu alicheza ligi kuu misimu miwili. Simtaji. Anajijua, naona anacheka.

Baada ya hapo akapewa timu yeye. Na hapa nataka muangalie kitu ambacho watu hawakiangalii. 2015 timu yake ilikwenda mashindano ya Afrika ya U-17 kule Niger ikamaliza ya nne. Ya nne. Bingwa akawa Mali. Kwa hesabu za kwetu huyo kocha kashafika airport anakuta barua. Wao wakamwacha, akarudi kambini, akafungua milango upya, akaendelea kuangalia watoto wapya kwenye majaribio, miezi michache mbele yuko Chile kwenye Kombe la Dunia. Kampiga Brazil tatu robo fainali, Mexico nne mbili nusu, na fainali anakutana na nani? Mali. Wale wale mabingwa wa Afrika. Mbili bila. Kelechi Nwakali mchezaji bora wa mashindano, na straika wake mmoja kafunga magoli 10, rekodi ya mashindano yale, kijana wa Lagos ambaye mwenyewe kashasimulia mara nyingi alivyokuwa anauza maji kwenye foleni ya magari. Victor Osimhen. Naam, huyo huyo aliyekuja kuipa Napoli ubingwa 2023.

Sasa msiniandikie Amuneke malaika. Alipewa na U-20 pia, Sudan wakamtoa kwenye kufuzu, na hiyo ilikuwa aibu kweli kwa Nigeria. Kazi ikaisha. Na kilichofuata ni kichekesho cha mpira, akaenda kufundisha wapi? Sudan. Al Khartoum. Aliyekufunga ndo anajua thamani yako nadhani.

Na kutoka huko, Agosti 2018, TFF wakamleta. Mkataba miaka miwili.

Hapa niwakumbushe tulikuwa wapi maana mtu akishashiba anasahau njaa. Tanzania ilikuwa imecheza Afcon mara moja tu, 1980, kwa goli la Peter Tino tulilowafunga Zambia kwao mwaka 1979. Na hiyo Afcon ya 1980 ilichezwa wapi? Lagos na Ibadan. Mechi yetu ya kwanza ya maisha ilikuwa na mwenyeji Nigeria, tukala tatu moja. Tangu hapo hatukurudi. Kizazi kizima kimezaliwa, kimeoa, kimepata wajukuu, Stars haijafuzu. Kwa hiyo Mnigeria anakuja kuturudisha kule ambako Wanigeria walitutolea. Mi napenda mpira kwa sababu ya vitu kama hivi, hakuna mtu amevipanga.

Sasa wiki zake za kwanza tu. Kambi imeitishwa, mechi ni Uganda kule Kampala, wachezaji kadhaa wa Simba wamechelewa kuripoti. Mnajua kwetu hapa. Kwetu mchezaji wa Simba na Yanga akichelewa kambi ya taifa kuna mtu atapiga simu, kuna maelezo, kuna "mwalimu tuelewe, walikuwa na klabu", mwalimu anaelewa. Huyu hakuelewa. Akawaengua. Sio mmoja, kundi zima, tena wa kikosi cha kwanza, akaita wengine, akaenda nao uwanja wa Namboole kule Kampala akatoka sare ya bila kufungana.

Nchi ikagawanyika. Wana Simba wanasema huyu katumwa, wana Yanga wanacheka, redioni asubuhi mpaka jioni. Mi siku ile nilikuwa upande wa wanaomlaumu, nasema wazi. Nilisema kijiweni, "huyu mtu kafika juzi, anajifanya nani?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba kama angewasamehe siku ya kwanza asingekuwa na timu siku ya mwisho, na sikuelewa kwa kusoma, nilielewa kwa kuchomwa. Mwaka uliofuata nilikuwa nafundisha timu moja ya daraja la pili, jina sitaji, straika wangu mzuri akawa anakuja mazoezini saa anayotaka na mimi namwacha kwa sababu anafunga. Mwezi wa pili wote wakawa wanakuja saa wanayotaka. Mwezi wa tatu nikapigiwa simu na kiongozi, sekunde 40, "mwalimu tunakushukuru kwa kazi". Sekunde 40 nilihesabu baadaye kwenye simu. Straika bado yupo pale.

Turudi. Oktoba tukaenda Praia, Cape Verde wakatupiga tatu. Siku nne baadaye Taifa tukawapiga mbili, Msuva na Samatta. Novemba Maseru, Lesotho moja bila, na ile ilikuwa mbaya, tulicheza kama timu imekodishwa, na watu wakamsema mwalimu kwa kila kitu mpaka tracksuit. Ikabaki mechi moja.

Machi 24, 2019. Hesabu ilikuwa hivi, tunatakiwa tumfunge Uganda na Lesotho asishinde Cape Verde, mechi zote muda mmoja. Lesotho akishinda tunalingana pointi na yeye alishatufunga, kwa hiyo anapita. Uganda wameshafuzu tayari, ndio, hilo watu wanalitumia kupunguza ile siku, ila Uganda ile ilikuwa haijaruhusu goli hata moja kundi zima. Mechi tano, sifuri.

Nilikuwa jukwaa la mzunguko, sikio moja uwanjani sikio moja kwenye earphone natafuta matokeo ya Praia, network imezidiwa, watu wote wanatafuta kitu kimoja. Dakika ya 21 Msuva. Kipindi cha pili penati, mpira kauchukua Erasto Nyoni. Mchezaji wa Simba. Kaweka chini, kapiga, mbili. Aggrey Morris kichwa, tatu. Na bado mtu huwezi kushangilia vizuri maana hujui Praia kuna nini. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima kavaa kanga ya bendera, ananiuliza kila dakika mbili, "mwanangu, Lesotho?" Namwambia bila bila mama. "Mwanangu, Lesotho?" Bila bila mama. Filimbi imelia kwetu watu wamesimama wameshika vichwa wanasubiri, sijawahi kuona uwanja ule umekaa kimya hivyo huku umeshinda tatu bila. Alafu ikaanzia upande wa Kaskazini, sauti inakuja kama mvua ya mabati, imeisha, bila bila, imeisha. Yule mama alinishika shingo mpaka earphone ikakatika waya. Ninayo mpaka leo, sijatupa.

Kesho yake Rais Magufuli akawaita Ikulu, wachezaji wakapewa viwanja Dodoma. Mtu aliyekuwa anaitwa mjuaji Septemba, Machi anaitwa baba.

Sawa, kuna mtu ataniambia 1980 zilikuwa timu 8 na 2019 zilikuwa 24, mlango ulipanuliwa. Kweli. Nakubali. Ila mlango umepanuliwa kwa wote, na kuna nchi karibu 30 zilibaki nje wakati sisi tumeingia.

Juni, Misri. Cairo ile ile ya Zamalek, mji uliomfanya kuwa mchezaji. Senegal mbili bila. Kenya, hii ndo iliuma, tumeongoza mara mbili, Msuva kafunga, Olunga karudisha, dakika hiyo hiyo karibu Samatta katurudisha mbele, Omolo karudisha, Olunga dakika ya 80. Tatu mbili. Wakenya mpaka leo wananitumia ile klipu kila Juni, sijui wamewekea alarm. Alafu Algeria tatu bila, tukarudi nyumbani na pointi sifuri.

Julai 8 taarifa ikatoka, mkataba umesitishwa kwa makubaliano ya pande mbili. Makocha, hayo maneno "makubaliano ya pande mbili" myasome vizuri, mtakutana nayo, upande mmoja huwa unakubaliana zaidi.

Sasa angalieni kalenda. Julai 8 kaondoka. Julai 19 fainali ya Afcon ile ile inachezwa Cairo. Nani na nani? Algeria na Senegal. Timu mbili za kundi letu. Yaani tuliachana na mwalimu kwa kufungwa na bingwa na mshindi wa pili, na tulishindwa kusubiri hata siku 11 tukajua ni kina nani waliotufunga. Sisemi alikuwa hana makosa, ile mechi ya Kenya alichelewa kubadilisha, kiungo kilikuwa kimekufa dakika ya 60 na kila mtu anaona, nikikaa naye leo nitamuuliza hilo. Lakini ya Niger mnaikumbuka? Alimaliza wa nne Afrika, wakamwacha, akabeba dunia. Sisi tulimpa mechi tatu.

Aliporudi Misri alifundisha Misr El-Makkasa, baadaye akawa kwenye benchi la Super Eagles chini ya Eguavoen 2022 walipokosa Kombe la Dunia kwa Ghana kwa goli la ugenini, sare zote mbili, na baada ya hapo akaenda Zanaco ya Lusaka. Zambia! Mtu aliyeiliza Zambia 1994. Ningependa sana kujua siku ya kwanza mazoezini wazee wa Lusaka walimwangalia vipi.

Na kuna mtu mmoja alikuwa amekaa pembeni yake kwenye benchi letu muda wote ule, msaidizi, kimya kimya na daftari, Hemed Morocco wa Zanzibar. Huyo ndo aliyekuja kuchukua Stars katikati ya Afcon ya Ivory Coast kocha Amrouche aliposimamishwa, na akatufuzisha tena Afcon iliyopangwa nchini Morocco. Sijui alijifunza nini pale, hajawahi kuniambia na sijawahi kumuuliza. Ila alikuwepo siku ile majina ya kambini yanakatwa.

Swali? Eeh, we uliyeuliza kuhusu mishahara ya makocha wa vijana, hilo si la kwangu, subiri mtu wa chama aje mchana. Na wewe, leseni? Leseni jibu lake ni fupi, nenda kasome, Atlanta haikupi leseni.

Basi. Saa yangu inasema 4 na dakika 5. Kazi ya uwanjani inaanza 4 na robo, nusu uwanja, wanane kwa wanane, mtego wa kuotea, kila mmoja ataongoza dakika saba. Makundi yako ukutani. Wale wawili mliochelewa asubuhi mmeshajiona hampo kwenye karatasi, msiulize, nyie leo mnaokota mipira. Kesho mtakuwepo.